Mkono Uliosubiri Kengele

Watu wa mtaa wa Gerezani waliomjua Zamda binti Kitwana tangu utotoni walikuwa na neno moja juu yake: ana maswali. Hawakulisema kwa sifa. Mtoto wa kike wa miaka saba anayefungua taa ya chemli ya mama yake ili aone utambi unapanda na kushuka kwa njia gani, kisha akabaki na kichuma kimoja mkononi asichojua kimetoka wapi, huyo si wa kusifiwa, ni wa kufinywa sikio. Mama yake, Bi Sitara, alimfinya. Kisha akamwekea ile taa mbele yake na kumwambia aifunge tena mwenyewe, hata kama itamchukua mpaka kesho. Hapo ndipo ninapomheshimu mama yule, maana wengi wetu tulifinywa tu, basi.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na alimsomesha mpaka darasa la nane, jambo ambalo mtaani lilionekana ni kujitafutia balaa. Balaa lenyewe lilikuja Zamda alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anapita Mtaa wa Livingstone jioni moja, ametumwa nazi, akasikia kelele kutoka dirishani, kama watu kumi wanachagua mawe kwenye mchele kwa pamoja. Akachungulia. Wasichana wanane walikuwa wamekaa wima mbele ya mashine za chapa, vidole vinakimbia, na macho yote yako ukutani. Hakuna hata mmoja aliyeangalia mikono yake. Zamda alisimama pale mpaka Magharibi ikaadhiniwa, akijiuliza vidole vile vinajuaje herufi zilipo. Nazi hazikufika nyumbani siku ile. Wiki iliyofuata, baba yake alikuwa amekwenda kumwandikisha, kwa sababu alichoka kuulizwa.

Mwalimu wa shule ile alikuwa Mgoa mzee, mkali, mwenye rula. Vibonye alivifunika kwa kiboksi cha mbao, na anayechungulia anapigwa ya vidole. Lakini kuliko vyote alifundisha kengele. Kila mstari unapokaribia kwisha, mashine hulia ting, mara moja, kukuonya kuwa zimebaki herufi chache. Unamalizia neno, au unalikata kwa kistari, kisha mkono wa kushoto unaruka kushika wenzo na kulisukuma behewa la karatasi mpaka mwanzo. Mstari mpya unaanza. Asiyesikia kengele, maneno yake yanarundikana ukingoni. Mwalimu alikuwa akiwapigisha chapa huku anaimba kwa sauti kubwa ili wasisikie, na wao wasikie hivyo hivyo. Zamda alisikia. Baada ya miezi sita mkono wake ulikuwa unaruka kabla masikio hayajajua kwamba yamesikia.

Nchi ilipoamua kwamba maofisi yaandike Kiswahili, wapiga chapa wa Kiswahili walitafutwa kwa tochi mchana. Ndivyo Zamda alivyoajiriwa na shirika moja la umma lililotengeneza magodoro ya sufi, ofisi zake zikiwa ghorofani karibu na Mnazi Mmoja. Akaolewa na Bushiri, fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, mtu mpole aliyezoea kurudi nyumbani na kukuta cherehani yake ya akiba imefunguliwa tumbo. Bushiri alikuwa na usemi wake: ukimjibu mke wangu swali moja, umezaa mapacha.

Miaka kumi na saba Zamda alipiga chapa pale. Alipiga riboni zilipokuwepo, na zilipoadimika alizirudishia wino kwa mafuta ya cherehani ya mumewe. Aliianika kaboni juani ili itoe kazi nyingine. Kiingereza alikipiga bila kosa hata moja, ingawa maana hakuifuatilia. Ilipita vidoleni ikaenda zake. Na kilichomuudhi katika kazi hiyo kilikuwa kimoja tu, nacho ni kalamu nyekundu ya afisa utawala, Ndugu Pantaleo.

Ndugu Pantaleo alikuwa mtu wa Songea, muungwana, mwenye tabia ya kupata wazo jema baada ya kazi kwisha. Akiongeza sentensi mbili ukurasa wa tatu, kurasa zote zilizofuata zinapigwa upya, kwa sababu maneno yanasukumana kama watu kwenye foleni ya sukari. Akitaka aya ya mwisho ije mwanzo, Zamda na mwenzake walichukua mkasi, wakaikata aya ile, wakaibandika mahali pake kwa uji wa ngano, na kuanza kunakili upya. Chumba chao cha chapa kilinuka uji. Mara nyingi Zamda alisimama na mkasi mkononi akijiuliza: kwa nini maneno yasihame yenyewe?

Basi mwaka 1984 mashine ya kompyuta ikaja. Ilikuwa zawadi ya wafadhili wa nje, ikakaa stoo miezi minane ikisubiri vibali, kwa sababu mashine za namna ile hazikuingia nchini kama magunia ya chumvi. Ilipotoka ilipewa chumba chake na kipoza hewa chake. Mkurugenzi mwenyewe hakuwa na kipoza hewa, na maneno yakasemwa. Fundi aliyeifunga alikaa siku mbili, akaonyesha namna ya kuiwasha na kuizima, akaacha kitabu cha Kiingereza kinene, akaondoka.

Ilikuwa na kioo kama cha televisheni, cheusi, na herufi za kijani zilizoelea humo. Zamda alipoingia mara ya kwanza aliinama kuangalia nyuma yake, kama alivyoangalia nyuma ya kila kitu.

"Ndugu Zamda," Ndugu Pantaleo alisema, "tuelewane mapema. Mashine ni moja na kiti ni kimoja. Ripoti ya mwaka ndiyo mtihani. Ikifika mezani kwa bodi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mashine inabaki utawala na kiti ni chako. Isipofika, idara ya mauzo wameshaiomba, na funguo za chumba hiki nitawakabidhi wao."

"Na mimi?"

"Wewe utaendelea na taipureta yako. Hujapungukiwa na kitu."

Lakini alikuwa amepungukiwa tayari. Tangu alipoona alama ndogo ikiwaka na kuzimika kwenye kile kioo, ikimngoja aandike, Zamda hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kuijua mashine ile mpaka ndani, na nasema hivi bila kumsitiri, aliitaka kwa uchu. Jioni alimsimulia Bushiri mpaka chai ikapoa, na Bushiri akafungia cherehani kabatini kwa tahadhari.

Kitabu cha Kiingereza kilisomwa na Benedikta, binti wa Ndanda mwenye miaka ishirini na miwili, aliyetoka chuo cha uhazili mwaka uliopita. Benedikta alisoma na kutafsiri, Zamda alijaribu na kuandika kwenye daftari la shule. Hapo ndipo walipogundua kwamba mambo mengi ya mashine hayana majina. Walilazimika kuyapa. Ile alama inayowaka na kuzimika, inayoonyesha herufi ijayo itaangukia wapi, waliiita kimulimuli. Kuifanya mashine ikumbuke kazi yako kwenye sahani laini inayochomekwa ndani yake, ili umeme ukikatika usilie, waliita kutia kabatini. Kulitafuta neno moja ndani ya kurasa zote waliita kuita jina, kwa sababu unaliandika na mashine inakwenda kulileta. Nafasi nyeupe za kando zilikuwa na jina lake tangu zamani, pambizo, wakaliacha hivyo.

"Na hii hapa, dada," alisema Benedikta siku ya tatu, kidole kikiwa kitabuni, "unachagua aya, unaikata, unaipeleka unakotaka, unaibandika."

"Kwa mkasi gani?"

"Hakuna mkasi. Unabonyeza tu."

Zamda akabonyeza. Aya ikatoweka. Akashuka na kimulimuli mpaka chini, akabonyeza tena, na aya ikatokea pale, nzima, haina hata harufu ya uji. Kisha akaikata tena na kuirudisha juu, akaishusha, akaipandisha, mpaka Benedikta akaanza kucheka.

"Dada Zamda, utaichosha."

"Hebu niache. Hii aya imenitesa miaka kumi na saba."

Jambo moja halikumsumbua kabisa, nalo ndilo lililokuja kumponza. Mashine haikuwa na kengele wala wenzo. Asubuhi ya kwanza mkono wake wa kushoto uliruka hewani mara mbili tatu kutafuta wenzo, ukashika upepo, naye akaona haya. Lakini upande wa kulia aliona kibonye kikubwa, na alipokibonyeza kimulimuli kilishuka mwanzo wa mstari mpya. Kumbe wenzo umehamia kulia. Akakifundisha kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kazi ya mkono wa kushoto. Kwa kuwa kengele haikuwepo, alihesabu mstari kwa jicho, na kila unapokaribia ukingo, kidole kilibonyeza. Ilimchukua siku moja tu kukizoesha, na alijisifu kwa Bushiri.

Ripoti ilikuwa kurasa arobaini na nane. Ndugu Pantaleo aliongeza mawazo yake mema, na kwa mara ya kwanza Zamda aliyapokea akitabasamu. Aliyapiga kama sentensi mpya zinazojitegemea, akayapachika. Jumatano kazi ilikuwa imekwisha na imetiwa kabatini. Bado siku mbili.

Alhamisi saa nne asubuhi Ndugu Pantaleo aliingia na jambo dogo. Ripoti za bodi hushonwa kwa uzi kando, na mshonaji wa vitabu amesema pambizo ya kushoto ni nyembamba, uzi utakula maneno. Je, inawezekana kuipanua kidogo?

"Inawezekana," alisema Zamda, na moyo wake ukafurahi, kwa sababu kwa taipureta jambo hilo dogo lingekuwa kurasa arobaini na nane upya. "Kaa hapo, Ndugu, uone."

Akaisogeza pambizo. Mashine ikafikiri kidogo. Kisha maneno yakajipanga upya. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu. Chini yake palikuwa na maneno mawili tu, yamekatika, kisha nafasi tupu. Halafu mstari mrefu, halafu maneno matatu. Ukurasa mzima hivyo, na uliofuata, na mwingine, kama kitambaa kilichong'atwa na panya. Hapakuwa na aya hata moja iliyosimama sawa.

Benedikta alianza kupekua kitabu kwa haraka. Ndugu Pantaleo alitazama kioo, kisha saa yake, kisha Zamda.

"Mashine imeharibika," alisema. Hakuuliza, alikuwa anampa njia. "Hivi vitu vya watu vina mambo yake. Itakuwa ule umeme uliokatika juzi. Ndugu Zamda, sema tu. Nitawaambia bodi mashine imeharibika, wapate rasimu ya kalamu, na hakuna atakayekulaumu."

Njia ilikuwa pana na nyeupe. Nani angebisha? Katika jengo lile lifti ilikuwa imeharibika tangu mwaka jana, na simu mbili, na gari la mkurugenzi. Mashine moja zaidi isingemshangaza mtu. Jina la Zamda, mpiga chapa asiyekosea, lingebaki safi kama shuka la Idi. Na mashine ingefungiwa, au ingekwenda mauzo ikafungiwe huko.

Lakini Zamda alikuwa ameanza kuwaza, na akianza hazuiliki. Aliuangalia mstari uliovunjika na kujiuliza umevunjika wapi hasa. Akapeleka kimulimuli mwisho wa yale maneno mawili ya upweke na kubonyeza kufuta. Hakufuta herufi. Alifuta kitu kisichoonekana, na mara mstari wa chini ukapanda wenyewe ukaungana na wa juu, na maneno yaliyozidi yakashuka yenyewe chini. Akafanya tena mstari uliofuata. Ikawa vile vile.

"Benedikta. Nisomee panaposema mwisho wa mstari."

Benedikta akapata mahali. Akasoma kimya kwanza, akainua macho, akasita. "Dada, wanasema mwisho wa mstari hubonyezi kitu. Unaendelea tu kuandika. Neno lisipoenea, mashine yenyewe inalishusha. Kile kibonye kikubwa ni cha kumaliza aya."

"Kwa hiyo kila nilipokibonyeza—"

"Ulikuwa unaiambia aya imekwisha hapo. Ikabidi ikutii."

Zamda alihesabu. Kurasa arobaini na nane, mistari ishirini na nane kila mmoja. Makosa elfu moja na mia tatu na zaidi, na yote ni yake, na yote yamepigwa kwa ufundi. Mpigaji mbaya angekosea mara chache, kwa kusahau. Ni mtu aliyefundishwa vizuri tu ndiye angeweza kukosea kila mstari bila kuruka hata mmoja. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, ila hawakusema yanaweza kuhesabika.

Akageuka kwa Ndugu Pantaleo.

"Mashine ni nzima, Ndugu. Kosa ni la mkono wangu. Nimeibonyeza mwisho wa kila mstari kama taipureta, na haikutaka kubonyezwa. Nipe mpaka saa kumi."

Ndugu Pantaleo aliitazama saa yake tena. Alikuwa amezoea watu wanaolaumu vyombo, na nadhani hakujua la kufanya na mtu anayevitetea. "Saa kumi mlinzi anafunga," alisema mwishowe, akatoka.

Wakafanya kazi. Benedikta alishika nakala iliyochapwa Jumatano na kutaja aya zinapokwisha kweli, Zamda alikwenda mwisho wa kila mstari na kufuta kile kisichoonekana. Mchana Bushiri alileta muhogo na samaki, akaupitisha mlangoni na kurudi bila kuuliza, jambo la nadra katika nyumba yao. Saa nane walikuwa ukurasa wa thelathini. Saa tisa na nusu wakamaliza. Zamda akaisogeza pambizo tena, na safari hii kurasa zote arobaini na nane zilijikusanya, zikajinyoosha, kila aya ikakaa mahali pake. Printa ikaanza kupiga makelele. Ijumaa ripoti ilikuwa mezani, imeshonwa, na bodi haikuisema kitu, na ripoti isiyosemwa ndiyo iliyosifiwa.

Jumatatu Ndugu Pantaleo alimwita ofisini peke yake na kufunga mlango.

"Ripoti ilifika. Ahadi ni ahadi, mashine imebaki kwetu na kiti ni chako," alisema. "Lakini nina swali, na nataka unijibu kama mpiga chapa. Kati yako na Benedikta, nani anafaa kukaa pale?"

Angeweza kusema mimi, na angepewa. Mpaka leo wapo wanaosema alikuwa mjinga. Ila ile Alhamisi, wakati anafuta makosa elfu moja na mia tatu, alikuwa pia akiandika upya sentensi zilizoharibika, na alikuwa akijihesabu. Kidole kidogo kilibonyeza mwisho wa mstari mara kumi na moja, wakati anajua, wakati anakikataza, wakati anakitazama. Benedikta alipompokea kwa nusu saa ale, hakubonyeza hata mara moja.

"Benedikta," alisema Zamda. "Mkono wake haujaharibiwa na kengele. Kazi ya ofisi haiwezi kungoja mkono wangu usahau."

"Nawe?"

"Nitarudi kwenye taipureta. Lakini saa ya chakula chumba kile kinakaa kitupu, Ndugu. Naomba saa hiyo. Si kwa kazi ya shirika. Sijamaliza kuiuliza mashine."

Ndugu Pantaleo alifungua mdomo, pengine kusema kwamba umeme wa serikali si wa kuulizia maswali. Akaufunga. Akachukua kalamu yake nyekundu na kuandika kibali cha mstari mmoja.

Kesho yake saa sita na nusu ofisi ilikuwa kimya, watu wameshuka kwa mama ntilie. Benedikta alikuwa ameiacha mashine ikiwaka, na kiti amekisogeza nyuma kidogo, kwa sababu Zamda alikuwa na miguu mirefu kuliko yake. Zamda aliketi. Akatoa mkobani kipande cha kitambaa alichokiomba kwa mumewe, akakifunga kidole kidogo cha kulia na jirani yake pamoja, imara, akakaza fundo kwa meno. Akaanza kuandika lolote lililomjia, habari za taa ya chemli, habari za reli, bila kuangalia mikono. Maneno yakaenda, yakaukaribia ukingo. Kidole kikavuta fundo. Akaendelea. Hakuna kengele iliyolia. Neno alilokuwa katikati yake halikuenea, na mbele ya macho yake likainuka lote, likashuka likakaa mwanzo wa mstari mpya, na herufi iliyofuata ikalikuta pale.

Zamda aliacha kuandika. Akasoma alichoandika toka mwanzo, polepole, akaweka vidole tena, na akaelekea kwenye ukingo wa pili.